Mama Athanasie M'Cikuru Aaga Kisiwa Kilichopendwa na Kila Serikali

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Mama Athanasie M'Cikuru, mtunzaji wa kisiwa cha Nyakarengo, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Juni 2023. Wasomaji watakumbuka kwamba tarehe hiyo ni Siku ya Uhuru, na kwamba siku hiyo ofisi zote za nchi hufungwa. Uongozi wa Kituo chetu cha kutunza mazingira ya ziwa, kwa busara yake ya kawaida, umeona kwamba mtu aliyefanya kazi sikukuu zote anastahili pia kustaafu siku ya sikukuu, pasipo mtu ofisini wa kumpa mkono. Ndiyo maana tunamuaga leo, siku moja mapema, hapa uani, chini ya turubai tuliloazimwa na parokia.

Mama Athanasie alizaliwa upande wa Walungu, akasomea jiografia Bukavu, akaja Goma mwaka 1990 akiwa na mumewe, Papa Zihindula, mshonaji. Aliomba kazi ya ofisini. Shefu wa wakati huo alimweleza kwa upole kwamba biro yake, yaani chumba na meza, bado inatafutwa, kwa hiyo aende kwanza Nyakarengo kwa muda. Alikwenda. Biro bado inatafutwa.

Kwa wale wenzetu ambao wameandika ripoti nyingi kuhusu Nyakarengo bila kulowesha viatu, tueleze kidogo mahali penyewe. Kisiwa kiko karibu na ukingo wa Goma, upande wa magharibi, nacho ni mdomo wa volkano ndogo ya zamani iliyoanza kuzama ziwani ikachoka njiani. Ukikitazama kutoka juu ya kilima kina umbo la kwato la mbuzi. Pembe mbili zinaelekea mjini na kati yake pana maji matulivu, mahali pa kufunga mitumbwi. Mgongo unaelekea kusini, nao ni jabali tupu linalopigwa na mawimbi kiangazi chote. Mchanga wake ni mweusi. Kila mgeni anauliza ni nani aliyechoma hapa.

Hali ya hewa ya kisiwa haifuati ratiba ya mji. Mvua huanzia ziwani, ikanguruma huko alfajiri, ndipo ikakumbuka kwamba kuna watu Goma. Kuanzia Juni upepo wa kusini huleta ukungu mkavu wa vumbi na moshi wa mashamba, na milima ya Kalehe hupotea kama mgombea baada ya uchaguzi. Septemba mvua hurudi na milima nayo hurudi. Mgombea ana kalenda yake mwenyewe. Wapo minandi wanaokausha mabawa juu ya mawe, wapo wadiria, wapo fisi-maji wanaoiba sambaza kwenye nyavu za wavuvi. Mamba hayumo katika ziwa letu, wala kiboko. Wenye meno wote wanaishi nchi kavu.

Katikati ya kisiwa pana kibonde. Nyasi zake ni laini, upepo haufiki, na ardhi ina uvuguvugu mzuri. Ni mahali pazuri kuliko pote Nyakarengo, na ndipo panapoua. Hewa nzito isiyo na rangi wala harufu hutoka ardhini ikajikusanya humo upepo unapotulia, hasa alfajiri, na anayelala chini huivuta bila kujua. Watu wa Goma tunaiita mazuku. Ndege akitua humo saa mbaya, hapai tena. Kazi ya kwanza ya Mama Athanasie ilikuwa kuwazuia watu wasiingie humo. Ya pili ilikuwa kurudisha miti, kwa sababu wachoma makala, yaani makaa ya kupikia, walikuwa wamekiacha kisiwa kipara.

Alipanda mivumu, mikuyu na miti mingine ya kwetu kwenye mteremko wa ndani, kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Maji ya kumwagilia aliyapandisha kwa ndoo pamoja na Papa Byiringiro, nahodha wa mtumbwi wetu, mtu wa Rutshuru ambaye husema maneno machache na huyarudia. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuvunja hata kijiti cha kuchokolea meno. Papa Zihindula, ambaye kila Jumapili baada ya misa alimletea mkewe chakula, aliwahi kuvunja kitawi ili atundike koti lake. Aliambiwa apande mti mwingine kabla ya kula. Alipanda akiwa na suruali ya kanisani, na wavuvi waliokuwa wakipita walimpongeza kwa sauti kubwa.

Miti ilikua. Kwa bahati mbaya ilionekana kutoka mjini.

Tangu hapo kila serikali iliyoingia Goma ilikipenda kisiwa. Uasi wa kwanza, ule wa 1996, ulikiona kinafaa kujengwa nyumba ya mapumziko ya wakubwa. Bendera zilibadilika na muhuri wa ofisi ukabadilika. Shefu wetu aliyekuwa amekimbia alirudi akiwa na kofia nyingine na msimamo mwingine. Mama Athanasie aliwapokea wote kwa heshima ileile na kwa silaha ileile, yaani somo. Aliwatembeza wageni juani kutoka pembe hadi pembe, akiwaeleza aina za mawe, tabia ya upepo na uzazi wa minandi, wala hakuruka kitu. Tulio wengi tumepitia matembezi hayo. Wapo makoloneli waliostahimili mabomu ya Masisi lakini wakaomba maji somo lilipofika kwenye sura ya mawe. Nyumba ya mapumziko haikujengwa.

Uasi wa pili, ule wa 1998, ulikuwa na komanda mvumilivu zaidi. Alisikiliza somo lote, akashukuru, akasema kwamba askari wake watapiga hema kibondeni kwa sababu pana kinga ya upepo. Mama Athanasie alimwambia kwamba humo hapalalwi. Komanda alicheka. Alimweleza kwamba yeye amelala kwenye misitu ambayo hata nyani huiogopa, na kwamba mwanamke wa Bukavu hawezi kumfundisha mwanajeshi jinsi ya kulala.

Mama alisema tena, mbele ya askari wote, taratibu: "Komanda, mu ile shimo pumzi haiko. Utalala, hautaamuka."

Komanda alijibu kwamba ameelewa, na akaagiza hema zipigwe.

Kulipopambazuka upepo ulikuwa umekufa kabisa. Mama Athanasie alisimama kwenye ukingo wa kibonde akaita, na hakuitikiwa. Mlinzi aliyekuwa amesimama alikuwa ameketi, na aliyekuwa ameketi alikuwa amelala kifudifudi. Hapo mtu mwingine angekumbuka matusi ya jana na kwenda kunywa chai yake. Yeye alimwita Byiringiro, akajifunga kamba ya mtumbwi kiunoni, akavuta pumzi, akashuka amesimama wima, kwa sababu hewa ile hulala chini. Alifunga kamba nyingine miguuni mwa askari wa kwanza, akapanda, akapumua, wakavuta. Akashuka tena. Byiringiro anasema kwamba kila Mama aliposhuka, yeye kule juu alikuwa anamwomba Bikira Maria kwa Kinyarwanda, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba Bikira anajua Kiswahili.

Waliwatoa wote. Mmoja hakuamka. Alikuwa kijana wa Masisi ambaye jana yake alikuwa ameuliza maswali ya kweli kuhusu wadiria. Mama Athanasie alimfunika kwa kitenge chake mwenyewe na akakaa naye mpaka walipomchukua. Hajawahi kutusimulia zaidi ya hapo, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya historia ya kisiwa ambayo haimo katika somo lake.

Komanda alipopata nguvu za kusimama, alifanya uchunguzi wa haraka na wa haki. Aliona kwamba watu wake walikuwa wazima walipofika, kwamba mwanamke huyu alitabiri ugonjwa wao kabla haujatokea, na kwamba yeye mwenyewe hakuugua. Hitimisho lilikuwa wazi: sumu, au uchawi, au vyote viwili. Mama Athanasie alikamatwa na kupelekwa mjini. Shefu wetu alitoa tamko kwamba hamfahamu vizuri.

Jeshi lilikuwa na upungufu wa watu siku hizo, kwa hiyo waliopangiwa kumlinda ni walewale aliowavuta kwa kamba. Walimlinda vizuri sana. Asubuhi walimpa chai, mchana walimpa kiti, jioni walimpa njia. Alirudi kisiwani na Byiringiro, na kesho yake alikuwa anamwagilia mivumu. Komanda alipelekwa upande wa Walikale, akapandishwa cheo.

Sasa tufike mwaka 2002. Mlima Nyiragongo, volkano yetu ya kaskazini, ulipopasuka, siku ile ya Alhamisi ya Januari, Mama Athanasie alikuwa Nyakarengo na Papa Zihindula alikuwa Birere, katikati ya mji, kwenye cherehani yake. Wataalamu walikuwa wametuhakikishia kwamba hali inafuatiliwa, na kweli ilifuatiliwa: kila mtu Goma aliifuatilia kwa macho yake ikishuka kutoka Kibati na Munigi, ikipita uwanja wa ndege, ikiingia sokoni. Watu wengi walikimbilia Gisenyi na Sake. Wale wa ukingoni walikimbilia kilichokuwa karibu, yaani mitumbwi, na mitumbwi ikakimbilia kisiwani.

Mama Athanasie alimtuma Byiringiro avushe watu bila kuuliza mtu ruhusa. Walikuja na magodoro, na kuku, na mabibi vizee, na televisheni moja iliyobebwa kama mtoto mchanga. Jioni ilipoingia, mvua ilishuka pamoja na upepo mkali wa ziwani, na majivu yakanyesha ndani ya mvua. Kinyumba cha kituo kilijaa wamama wenye watoto wachanga hadi mlango haukufungika. Waliobaki nje walikuwa wamelowa, wanatetemeka. Wakaanza kutazama chini, kule kibondeni, kwenye nyasi laini na ardhi ya uvuguvugu.

Alisimama njiani, akaeneza mikono, akawaambia kwamba huko ni kifo. Walimsikiliza. Mji ulikuwa unaungua mbele ya macho yao, na kifo ambacho hakionekani hakikuwatisha sana. Mwanamume mmoja alisogea akiwa amebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wote wawili midomo imebadilika rangi kwa baridi. Hakupiga kelele. Alimwuliza kwa adabu: "Mama, sawa. Ukitukataza kule, utatupa nini?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na koloneli yeyote. Hakuwa na blanketi wala turubai. Hakuwa na chochote isipokuwa miti. Aliwaacha, akaingia ndani, akatoka na panga. Waliokuwepo wanasema kwamba watu walirudi nyuma, wakidhani anamwendea yule baba. Aliwapita wote, akaenda kwenye mvumu wa karibu na mlango, ule alioupanda mwaka wake wa kwanza, akaanza kuukata.

Mti mbichi hauwaki kwa sababu umeombwa. Ilibidi waanzishe moto kwa vitu vikavu, na vitu vikavu vilikuwa vya Serikali. Meza ya kituo ilikwenda, kabati ikafuata, kisha kiti cha mkuu wa kituo, ambacho kwa mara ya kwanza tangu kitengenezwe kilitoa huduma kwa wananchi. Moto ulipopata nguvu, Mama alimpa yule baba panga na kumwonyesha mteremko. Akasema waanze na mistari ya juu, kwa sababu ile ya chini inazuia udongo usiporomoke. Hata hapo hakuacha kufundisha. Wakakata mistari ya juu. Usiku wa pili wakakata na ile ya chini. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshuka kibondeni.

Aliwapikia uji kwa kuni za miti yake, na kila mtumbwi uliofika aliulizia mshonaji wa Birere, mrefu, mwenye kilema kidogo cha mguu. Waliotoka Birere walimjibu kwamba Birere haiko. Kutoka pembe ya kisiwa aliona mto wa moto ukiingia ziwani na mvuke ukisimama juu yake kama ukuta mweupe. Byiringiro alimwambia alale kidogo. Akamwambia tena. Hakulala.

Papa Zihindula alifika Jumapili. Alikuwa ameburutwa na umati hadi Sake, akarudi kwa miguu kwenye njia ya ziwa, akabembeleza wavuvi wamvushe. Begani alikuwa na kichwa cha cherehani, bila meza yake. Ni kitu pekee alichookoa. Alishuka, akamwona mkewe mzima kati ya umati, mweusi kwa masizi. Kisha akainua macho kwenye mteremko ambako yeye mwenyewe alikuwa amepanda mti kwa suruali ya kanisani, akaona visiki.

"Athanasie," akasema, "miti iko wapi?"

"Tumeiota," akajibu.

Papa Zihindula aliweka cherehani chini mchangani. Byiringiro, aliyesimama karibu, husimulia wakati mwingine kwamba alicheka kisha akalia, na wakati mwingine kwamba alilia kisha akacheka. Tumemwambia achague. Anasema amechagua.

Watu walipoanza kurudi mjini kujenga juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto, Kituo kilifanya wajibu wake: kiliunda komisyo ya uchunguzi. Komisyo ilivuka siku tulivu kabisa ikiwa imevaa majaketi ya kuokolea maisha, ikakagua visiki, ikauliza ni nani aliyeharibu msitu wa Serikali. Mama Athanasie akasema ni yeye. Wakamwuliza kama alikuwa na ruhusa ya maandishi. Akasema wakati ule hakukuwa na mahali pa kuandikia, kwa kuwa meza nayo aliichoma. Waheshimiwa walitafuta kivuli ili wajadiliane, wakakikosa, jambo ambalo liliwaudhi zaidi. Walimsimamisha kazi.

Mtu wa kuchukua nafasi yake alitafutwa kwa bidii. Lakini kisiwa hakikuwa na mti wala meza wala kiti, na sifa ya kibonde ilikuwa imeenea. Baada ya muda wakamrudisha. Kwa muda, walisema.

Tusifiche kwamba miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kwake. Aliyewalisha watu kwa uji na kuwachekesha akiwa na masizi usoni, sasa alipita kwenye mteremko akitazama miguu yake. Papa Zihindula alimletea miche kutoka Rutshuru. Aliiacha ikauke kwenye mifuko. Alimwambia mumewe kwamba hajutii, na kwamba kutojuta hakumpunguzii kitu. Majani makali yaliota kwanza, yakafuatwa na magugu aliyokuwa akiyang'oa zamani. Hakuyang'oa.

Ndipo visiki vya mivumu vikaanza kuchipua. Mvumu ni mti mkaidi, ukiukata unakasirika na kutoa matawi matatu. Ndege nao walileta mbegu za mikuyu, wakazidondosha walipopenda, katikati ya njia, juu ya mawe, nyuma ya choo. Mama Athanasie, ambaye mistari yake ilinyooka kama gwaride, alizunguka na kamba ya kupimia akijaribu kuelewa mpango wa ndege. Mwishowe aliweka kamba chini na kuanza kumwagilia mti palepale ulipoota. Msitu wa sasa wa Nyakarengo hauna mstari hata mmoja. Wageni husifu uzuri wa mandhari, na Kituo chetu hupokea sifa hizo kwa unyenyekevu, kana kwamba ndicho kilichozila zile mbegu na kuzidondosha.

Mwaka 2012 mji ulibadilisha watawala tena, kwa muda mfupi safari hii. Walikuja waheshimiwa wapya, wakaona kisiwa, wakakipenda. Mpango wao ulikuwa ukumbi wa dansi. Mama aliwatembeza. Walipofika kwenye uzazi wa minandi waliangalia saa zao, na hawakurudi.

Mwaka 2021 ndio unaomfanya Mama Athanasie atukanwe hadi leo sokoni, kwa hiyo tuuelezee vizuri. Volkano ilipasuka Jumamosi moja ya Mei, ikasimama ukingoni mwa mji. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na siku chache baadaye mamlaka yalitangaza kwamba moto unatembea chini ya mji na huenda hata chini ya ziwa, basi watu waondoke. Goma nzima ikatoka nje. Na waliokumbuka mwaka 2002, au waliosimuliwa na mama zao, walijua pa kwenda. Nyakarengo kuna yule mama. Yule mama hupokea watu.

Mitumbwi ilipofika ilimkuta amesimama kwenye mawe ya gati, mikono ameieneza, na hakuwa anakaribisha. Aliwaambia warudi. Kama moto uko chini ya ziwa, alisema, basi hewa iliyolala kwenye kilindi cha ziwa inaweza kuamka, na hapo kisiwa chote kitakuwa kama kibonde. Waende Minova, wapande mlimani, wasikae majini. Mwanamke mmoja, aliyezaliwa na mama aliyewahi kuotea moto hapohapo, alisimama ndani ya mtumbwi akamwambia kwamba mama yake alimtaja katika sala maisha yake yote.

"Na leo unatufukuza?" akauliza.

"Ndiyo, mutoto wangu. Nawafukuza mukingali bazima."

Yule mwanamke alitema mate majini na mtumbwi ukageuka. Ukaja mwingine, ukageuka. Walimwita mchawi na mchoyo, na wapo waliosema anakilinda kisiwa chake kama shamba la baba yake. Alisimama pale mpaka wa mwisho alipogeuka, kisha akafunga mlango wa kituo na kupanda kwenye mtumbwi wa Byiringiro. Akawafuata Minova akiwa nyuma yao, mbali kidogo, ili wasimrushie vitu.

Ziwa halikuamka. Ardhi ilitulia, watu wakarudi, na Mama Athanasie akageuka kuwa mzaha wa mji. Wauza sambaza wa soko la Kituku walimwambia samaki wameisha huku beseni zikiwa zimejaa. Kituo chetu kilijitenga na maamuzi yake binafsi. Kama alikosea au hakukosea, hatujui, na tumemwuliza yeye mwenyewe. Anasema hajui pia. Anasema kwamba angefanya vilevile, na kwamba kila akipita Kituku na kutukanwa huwa anatega sikio kwa furaha. "Matusi yanatoka mu kinywa cha mutu anayepumua," hutuambia. "Mimi sitaki zaidi." Kisha huenda kununua sambaza kwa jirani, kwa bei ya juu.

Huyo ndiye tunayemuaga. Msitu umebaki, Papa Byiringiro amebaki mpaka mwakani, na mtunzaji mpya wa kisiwa atateuliwa mara tu atakapopatikana anayekubali kwenda. Tunamshukuru Mama kwa mivumu na kwa uji. Tunamshukuru pia kwa kila mtu ambaye leo anatembea mitaa ya Himbi na Ndosho akimsema vibaya. Tunamshukuru hata kwa somo, ambalo sote tunaweza kulitamka usingizini, na wengine wetu ndiko tulikolisikilizia. Mama Athanasie, uzee wako uwe mtulivu kuliko jirani yako wa kaskazini. Wewe na Papa Zihindula mpate usingizi wa mchana, wajukuu wasiosikia, na Jumapili ndefu.

Tangazo la mwisho kwa watakaopenda kumtembelea. Kama mnavyojua, vita vimerudi kule juu, na tangu mwaka jana watu wa Rutshuru wamejaa Munigi, hema kwa hema, hadi kwenye mawe makali ambako kigingi hakiingii. Nyumba ya Mama Athanasie iko hapohapo Munigi. Ilikuwa na ua mzuri wa matete na geti la chuma alilolichora Papa Zihindula. Mwezi uliopita familia ya Mama Nyirarukundo, mkulima kutoka Kiwanja, ilikuja kuomba kuegemeza turubai lake kwenye ule ua, kwa upande wa nje. Mama Athanasie aliutazama ua, akamtazama mumewe, na Papa Zihindula akaenda mwenyewe kutafuta panga. Sasa pale kwao kuna familia saba, matete yamekuwa kuta na vitanda, na geti limelazwa juu ya mawe liwe meza ya kupikia. Jioni Mama huwaeleza wote tabia ya upepo wa kusini. Wamekimbia vita, wameangukia somo, na hawana pa kwenda.

Basi nendeni mkawasalimu, na mchukue unga. Mkifika msibishe hodi. Hakuna pa kubishia.

Edmond Namegabe, kitengo cha maji, kwa niaba ya wafanyakazi wote